Mizani ya Damu

Kwa miaka 34 nilifundisha neno mizani katika madarasa ya sekondari, na haukupita mwaka bila mwanafunzi kuinua mkono na kuuliza kama ni mizani ileile ya dukani. Nilimjibu kuwa ni ileile. Muuza sukari hupima uzito, mshairi hupima silabi, na wote wawili huaibika wakipunja. Kisha tulihesabu kwa vidole juu ya dawati: 8 za ukwapi, 8 za utao, 16 za mshororo mzima. Aliyepungukiwa tulimwambia kwa upole kuwa ametunga guni.

Tangu nistaafu nimepata mizani nyingine. Kila alfajiri, kabla ya chai, hupima shinikizo la damu yangu na kuliandika katika daftari gumu la kaunta. Daftari lina safu sita: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo, na maelezo. Huu ni mwaka wa tatu. Mama watoto husema kuwa nimerudi kusahihisha mitihani, ila safari hii mtahiniwa ni mmoja na hafaulu wala hafeli.

Aliyenianzisha ni mdogo wangu, ingawa hakuniambia neno. Alikuwa na duka dogo Tanga, la sukari, sabuni, mafuta ya taa na vitu vya namna hiyo. Alianguka nyuma ya meza yake asubuhi ya Alhamisi, akafariki siku ya nne bila kuzungumza tena. Walisema ni kiharusi. Sikio la Mswahili husikia harusi ndogo ndani ya neno hilo, nami tangu siku ile hulitamka kwa shida.

Mteja wake wa mwisho alinisimulia kuwa walisalimiana vizuri. Alimwuliza hujambo, akajibiwa sijambo. Nimelifikiria sana jibu hilo. Salamu yetu ni uchunguzi wa afya unaofanywa mara ishirini kwa siku: huna jambo? Sina jambo. Lakini jibu lake limekwisha kupangwa kabla ya swali. Hata mwenye homa kali huanza na sijambo, kisha ndipo huongeza, ila mwili tu. Si uongo huo. Ni adabu, kwa kuwa anayekusalimu hajaomba mzigo wako. Isitoshe, mdogo wangu alisema kweli kwa kadiri alivyojisikia. Shinikizo la juu la damu aghalabu halina maumivu, halina homa, halina kikohozi. Watu wa afya huliita muuaji wa kimya. Lugha yetu ina maneno mengi ya mwili unaolalamika: kichomi, mchonyoto, kizunguzungu, kiungulia, ganzi. Haina neno la mwili unaoharibika huku ukijisikia vyema. Ugonjwa huo una ulimi mmoja tu, nao ni namba.

Namba yenyewe ina masharti kama utenzi. Ukae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga sakafu bila kupandana. Mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza ili mkanda ulingane na moyo. Kahawa na sigara ziwe zimeachwa nusu saa kabla. Kibofu kiwe kitupu. Upime mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Na usizungumze! Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote katika nyumba ya Kiswahili. Mtu akipiga hodi, utamwachaje mlangoni? Wajukuu wangu wamejifunza kuchungulia kwanza. Wakiona mkanda umevimba mkononi, hungoja hadi mashine ilie, ndipo shikamoo zinapomiminika kwa pamoja.

Mizani hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1614 tabibu wa Padua, Santorio Santorio, alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa mwili. Alikuwa ametundika kiti chake kwenye mzani mkubwa, akajipima kwa takriban miaka 30: uzito wake, wa chakula alichokula na wa kila kilichomtoka. Hesabu ilikataa kulingana, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichoingia ilitoka bila kuonekana, kupitia ngozi na pumzi. Nampenda mzee huyu. Alipoona hesabu haikubali, hakuilaumu mizani.

Aliyepima msukumo wa damu kwanza alikuwa kasisi wa Uingereza, Stephen Hales. Alimtia farasi mrija katika mshipa, na damu ikapanda katika bomba la kioo kupita futi 8. Habari hizo alizichapa mwaka 1733. Kwa bahati njema ya binadamu, mwaka 1896 Mtaliano Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda wa kuvimbisha kwenye mkono, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akatufundisha kusikiliza. Mkanda ukibana sana, mshipa hunyamaza. Hewa ikipunguzwa polepole, husikika mdundo wa kwanza: hiyo ndiyo namba ya juu. Hewa ikiendelea kupungua, mdundo hufifia hadi ukakatika: hiyo ndiyo namba ya chini. Aliyezoea kusikiliza vina ataelewa mara moja. Mashine yangu ya betri hupima mitikisiko tu, haina sikio, lakini muuguzi wa zahanati yetu bado hutumia kile chombo cha masikioni, nami humwonea wivu.

Kuhusu majina, vitabu vyetu huandika shinikizo la damu, na watu husema presha. Mtaani kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, kana kwamba ni ngazi au maji ya bahari. Sioni sababu ya kuwakemea wasemao hivyo. Shinikizo ni neno zuri, lakini mgonjwa akiliita presha anajua anachokisema, na anajua kukisoma: ngapi kwa ngapi? Mia na arobaini kwa tisini. Hiyo kwa, fupi kiasi hicho, imebeba kazi yote ya ule mstari ambao daktari huuchora kati ya namba mbili.

Hapa nitawaomba washairi wasogee karibu. Mia na arobaini. Ihesabuni: mi-a-na-a-ro-ba-i-ni. Mizani 8 kamili, kipande kizima. Nimeyajaribu makumi yote, kuanzia mia na kumi hadi mia na tisini, na hakuna jingine linalotimia. Mia na ishirini ina 7, mia na thelathini 7, mia na hamsini 7, mia na sitini 6. Na 140 ndicho kiwango ambacho wataalamu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, huanzia kuiita namba ya juu ugonjwa, ikiwa itarudia siku tofauti. Siku moja mashine iliniandikia 140 kwa 84, nikaisoma kwa sauti: mia na arobaini, kwa themanini na nne. Mizani 16, kwani n ya mwanzo katika nne huhesabiwa peke yake kama kila mshairi ajuavyo. Mshororo kamili kutoka kwenye mshipa wangu. Nilipomwonesha daktari alicheka, kisha akasema angependelea nitunge guni. Tangu hapo dawa na chumvi kidogo vimenipa guni nyingi.

Nisiwachoshe kwa namba. Safu ninayoithamini zaidi ni ya sita, ile ya maelezo, ambayo hakuna aliyeniagiza kuiweka. Mwanzoni niliandika neno mojamoja: usingizi, ng'onda, mvua, mgeni. Ng'onda alijitokeza mapema; kila nilipomla jioni, asubuhi yake namba ilikuwa juu, na sasa tunaonana naye sikukuu tu. Mengine hayakuwa mepesi. Nilitarajia damu ipande siku ya arubaini ya mdogo wangu, siku ya dua na watu wengi. Haikupanda. Ilipanda wiki iliyofuata, siku ya kawaida kabisa, na safu ya sita inasema: nimeletewa daftari la duka.

Kuhusu hilo nitaeleza punde. Kwanza niseme kwamba safu ya namba nayo ilinifaa. Kliniki walinipima wakapata 164 kwa 98, na daktari akashika kalamu kuniongezea dozi. Nikamfungulia kurasa za wiki mbili za nyumbani. Wastani wake ulikuwa 142 kwa 86. Akaweka kalamu chini. Kuna watu, alinieleza, ambao damu yao hupanda wakimwona mganga, na wenzake wameipa hali hiyo jina la koti jeupe. Dozi ikabaki ileile. Bila daftari, ningemeza dawa ya hofu yangu ya hospitali.

Binti yangu, akiona hamu hii, alinitumia saa ya mkononi inayohesabu hatua, mapigo na usingizi. Inanidai hatua 10,000 kila siku. Nilipochunguza asili ya namba hiyo tukufu nikakuta kuwa imetokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa limegeuka kuwa amri. Saa hiyo huvaliwa na mjukuu wangu sasa. Kilichonitatiza zaidi ni kwamba inapeleka nilivyolala kwa watu nisiowajua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nimelipima jina lake kama mwalimu wa lugha. Taarifa ni jamaa wa arifu. Haiwi taarifa mpaka pawepo wa kuarifiwa. Nilichoandika alfajiri kwa kalamu bado si taarifa. Ni changu, mpaka nitakapomfungulia mtu ukurasa. Hata takwimu, neno tunalolitumia leo kwa majedwali ya serikali, kwa Kiarabu ni kalenda, siku za mtu zikipangwa moja baada ya nyingine. Maana hiyo ndiyo inayolifaa daftari langu.

Sasa daftari la duka. Shemeji aliniletea ili nimsaidie kujumlisha madeni ya wateja. Mdogo wangu aliandika kila kitu: jina, nusu kilo ya sukari, sabuni kipande, tarehe, na alama ya vema deni likilipwa. Alikuwa mwaminifu mno, hata alichokichukua mwenyewe kutoka rafuni alikiandika. Mkate, mwenyewe. Kiberiti, mwenyewe. Nikijumlisha nikaanza kuona: Panadol 2, mwenyewe. Mara ya kwanza ni Februari. Machi mara tatu. Kufikia Juni ni karibu kila siku, kwa mwandiko uleule uliolala kidogo kulia, katikati ya unga wa watu na mafuta ya taa ya watu.

Nilimwuliza daktari wangu. Alijibu kwa uangalifu kwamba kuumwa kichwa si ushahidi. Wengi wenye shinikizo kubwa hawaumwi kichwa, na wengi waumwao kichwa hawana shinikizo. Huenda ilikuwa miwani, au jua la mchana kwenye bati. Nimekubali jibu lake, maana ni jibu la mtu anayeheshimu mizani. Lakini nimezisoma zile mwenyewe nyingi kuliko nilivyosoma diwani yoyote mwaka huu. Mtu aliyejua deni la kila jirani hadi senti aliweka kumbukumbu za mwili wake pia, ila aliziandika kama hesabu ya duka, na duka lilipokea malipo likanyamaza. Niliyajumlisha madeni. Zile za mwenyewe sikuzijumlisha.

Mwezi uliopita shemeji alikuja kuturudishia sufuria akanikuta mezani na mkanda. Akangoja mashine ilie.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Nikamwomba akae dakika tano. Alikaa, akiutazama ukuta, mikono yake imechoka kwa kazi ya duka ambalo sasa ni lake. Nilipima mara mbili: 158 kwa 96, kisha 156 kwa 96. Nikamfungulia ukurasa mpya, nikapiga mistari ya safu sita, nikajaza tano, nikamwuliza tuandike nini katika ile ya maelezo.

"Andika sijambo," akasema.

Nikaandika. Jumatatu yake nilimsindikiza kliniki, na daftari tukalibeba.