Windermere ya Karagwe

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yafaa kupimia hata majina.

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa kwa heshima na Mfalme Rumanika. Karibu na ikulu yake palikuwa na ziwa dogo. Grant alilitazama, akakumbuka ziwa la kwao, akaliita Windermere Ndogo. Maradhi ya mguu yakamzuia Karagwe hadi Aprili 1862.

Jina hilo nalo lina safari yake. Wataalamu wengi husema kwamba mwanzo wake ni jina la mtu, Vinand, linalonasibishwa na wageni wa Skandinavia walioingia kaskazini ya Uingereza. Wengine huona asili yake ni Kijerumani. Mwisho wake, mere, ni Kiingereza cha kale chenye maana ya ziwa. Basi asemaye "Ziwa Windermere" ametaja ziwa mara mbili, sawa na asemaye "Ziwa Nyanza". Watu wasiojuana waliyatazama maji, wakayaita maji.

Tofauti i wapi? Kule Uingereza mgeni alishika jembe. Alikaa, akalima, akazika wafu wake, na jina likakomaa vinywani mwa majirani. Grant aliuguzwa, akapona, akaenda zake. Windermere yake ikabaki vitabuni. Leo mkulima wa Kituntu, katika Karagwe hiyohiyo, apaliliaye migomba na mibuni yake, hana haja nayo.

Lakini Victoria, neno la Kilatini lenye maana ya ushindi, ambalo Speke alilibandika ziwa kuu mwaka 1858, mtoto wa Kituntu hulisoma darasani. Hilo halikushika jembe. Lilishikwa na kalamu ya dola, kwa ramani, mikataba ya mipaka na vitabu vya jiografia.

Hata hivyo kalamu haishindi daima. Mwaka 1876 Stanley aliuita mto wa Kagera "Alexandra Nile", na mto ukabaki Kagera, kwa kuwa wenyewe hawakuacha kuuita hivyo. Ziwa kuu nalo lina majina ya wenyewe: Rweru kwa Wahaya, Nalubaale kwa Waganda. Yasipotamkwa mbele ya watoto, yatakufa bila ya mgeni yeyote kuyaua.