Asilimia Mia ya Nini?

Habari za afya ninazoandika kutoka Singida huanzia kwenye vistari. Nesi wa zahanati anachora kistari kwa kila mjamzito aliyehudhuria, mwisho wa mwezi anajumlisha kwenye vitabu vya MTUHA, fomu inakwenda wilayani, na tarakimu zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Mimi nazikuta huko zimeshakuwa asilimia. Ndiyo maana nilitaka kujua programu yenyewe inatunzwaje. Ikikosea, kosa lake litachapishwa kwa jina langu.

DHIS2 inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikishirikiana na wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Rafiki yangu mwandishi wa programu alinifungulia kompyuta. "Dada, huku nako tuna shina na matawi," akasema. Nikacheka. Huku kwetu hayo ni maneno ya chama.

Shinani ndiko kazi mpya inakoingia kila siku, na siku yoyote kitu kinaweza kuharibika. Toleo likikaribia, linakatiwa tawi lake: 2.40, 2.41 na kuendelea. Humo haliingii jambo jipya, ni marekebisho tu. Hitilafu ikigundulika, kwa kawaida hurekebishwa shinani, kisha rekebisho hilo hupelekwa kwenye kila tawi ambalo bado linahudumiwa.

Sasa kwa nini wahangaike na matoleo ya zamani? Kwa sababu nchi haiwezi kuhamisha mfumo wa afya kila toleo jipya linapotoka. Kuna data za miaka ya kulinda, na watumishi wa kufundisha hadi wilayani. Aliyebaki kwenye toleo la zamani si mzembe, pengine ana wagonjwa wanasubiri.

"Na mnajuaje rekebisho halijaharibu kingine?" nikauliza.

Majaribio ya kompyuta huendeshwa kila badiliko linapoletwa, halafu hutoka asilimia: ni mistari mingapi ya msimbo imepitiwa. Nikasema basi ikifika mia, mambo safi. Akatikisa kichwa. Chukua hesabu ya chanjo: waliochanjwa gawanya kwa waliotarajiwa. Jaribu kwa 10 na 20, mstari umepitiwa, mia yako umepata. Lakini hujajaribu waliotarajiwa wakiwa sifuri. Tena usipoandika kwamba jibu lazima liwe asilimia 50, hata likija 5 jaribio litapita tu. Ni kupita mlangoni kwa mtu bila kupiga hodi, kisha kusema umemtembelea.

Hapo nikavikumbuka vile vistari. Mfumo una kipimo cha ukamilifu wa taarifa, yaani vituo vingapi vimeleta fomu. Ni kipimo kizuri, kinaonyesha nani amenyamaza. Lakini hakisemi kama nesi aliyekuwa peke yake siku ya kliniki, foleni imefika nje, alimchora kila mama. Hilo hujulikana mtu akienda kufungua kitabu, akahesabu upya na kulinganisha na kilichoingizwa. Hilo ndilo jaribio linalokagua jibu.

Siku hizi nikipewa asilimia 100 nauliza mambo mawili: ni mia ya nini, na nani alifungua kitabu? Swali la pili mara nyingi hunipandisha basi la Mkalama au Itigi. Mama ambaye hakuchorwa kistari hakuna toleo la programu litakalomrudisha.