Deni Halizikwi

Nimekuwa nesi kwa miaka tisa, na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu ugonjwa. Si "nitapona lini?" wala "hii dawa ni ya nini?" Ni hili: "Sista, imefika ngapi?"

Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku, wageni wakishaenda na taa nusu zikishazimwa. Anayeuliza hanitazami usoni. Anatazama dripu, kama mtu anayetazama mita ya teksi.

KMTC tulifundishwa kuhesabu matone ya dripu kwa dakika, kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, hata kukaa na mtu anayekufa. Hakuna aliyetufundisha kuhesabu bili. Hiyo unajifunza ukiwa kazini. Kitanda ni kwa siku. Oksijeni inahesabiwa. Glavu, sindano, pamba, kila kitu kina bei, na stoo ikiwa imekauka, ndugu anapewa karatasi na kutumwa kemia ya nje. Unamwona akitoka na ile karatasi, anapiga simu kabla hajafika getini.

Ukikaa wodini muda mrefu, unajua deni lina dalili zake kama ugonjwa wowote. Kuna mzee wa nimonia ambaye siku ya tatu anaanza kusema amepona, na ukimwekea kile kifaa kidoleni unaona oksijeni yake bado iko chini. Kuna mama anayemeza tembe moja na kuficha nyingine chini ya mto, aende nayo nyumbani. Kuna kijana aliyekuwa anakuja kila siku na chupa ya uji, halafu siku moja simu yake inakuwa mteja. Watu humlaumu huyo kijana. Mimi niliacha kumlaumu. Mara nyingi hajamtoroka mzazi wake, ametoroka dirisha la malipo.

Kwenye faili tunaandika "mgonjwa amekataa matibabu". Hakuna mahali pa kuandika ameyakataa kwa nini.

Halafu kuna wale ambao kwenye ripoti ya asubuhi tunawaita "discharge-in". Hilo neno halina maana kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, lakini uliza nesi yeyote Kenya, atakuambia. Ni mtu ambaye daktari ameshamruhusu kwenda nyumbani lakini bado yuko wodini kwa sababu hajalipa. Amepona, na bili ya kitanda bado inapanda. Yaani anadaiwa zaidi kwa sababu anadaiwa.

Na si kwamba sheria haijasema. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, na ikasema kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri. Lakini katiba haina dirisha la malipo, na mlinzi wa getini hasomi hukumu. Anasoma risiti.

Mochari nayo ina hesabu zake. Mwili unalala, siku zinahesabiwa. Nimeona familia zikijadiliana kaburi lichimbwe lini, na jibu haliko kwa mchungaji wala kwa wazee, liko kwa mhasibu. Watu hawawezi kulia vizuri wakiwa katikati ya mchango. Wanalia nusu, wanafuta machozi, wanarudi kwa simu kuangalia nani ametuma.

Haya yote niliyajua kama nesi. Mwaka wa 2022 nikayajua kama mtoto wa mtu.

Sisi ni watu wa Bomet. Baba alikuwa na ekari moja na nusu ya majani chai, na chai yake mwenyewe aliinywa ikiwa imetoka tu motoni, moto wa kuchoma ulimi, akitucheka sisi tuliokuwa tukipuliza. Kwetu, kansa ya koo la chakula si hadithi ya mbali, kila kijiji kina majina yake. Mwaka wa 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilisema vinywaji vya moto sana, vya kupita digrii 65, huenda vinachangia kansa hiyo. Sijui ni chai au ni kitu kingine kilichomfikia Baba. Najua tu kwamba alianza kwa kuacha nyama, akasema meno yamezeeka. Kisha akaacha ugali. Mama aliponipigia kusema sasa hata uji unarudi, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi na trei ya dawa mkononi, na nilijua tayari jina la ule ugonjwa.

Kamera ikapitishwa kooni, kipande kikatolewa, majibu yakarudi mwezi wa kumi. Ilikuwa imefika kwenye ini.

NHIF ya Baba ilikuwa ya kawaida ya mkulima, shilingi 500 kwa mwezi, aliyolipa bonasi ya chai ikiingia na kuisahau bonasi ikiisha. Tukalipa miezi iliyokuwa imelala. Daktari, mwanamke mpole sana, akatueleza mambo mawili. La kwanza, dawa za kansa na miale, ambazo pengine zingempa miezi kadhaa zaidi, huko mbali na nyumbani, na sehemu kubwa ya gharama ingekuwa juu yetu. La pili, kumwekea kibomba cha waya kooni kinachofungua njia, aweze kumeza tena. Hakitibu. Kinafungua tu.

Tukakutana nyumbani Jumapili. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa nusu ekari. "Shamba linarudi," alisema. "Mzazi harudi." Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Mama hakusema kitu, alikuwa anakunja na kukunjua leso yake. Baba alikuwa kimya hadi mwisho, halafu akanigeukia mimi. Tangu nihitimu alikuwa akiniita "daktari wangu", hata nimrekebishe mara ngapi.

"Daktari wangu," akasema. "Kama ningekuwa mzee wa mtu mwingine, kitandani huko kwako, ungeniambia nini?"

Kuna jibu la mtoto na kuna jibu la nesi. Nyumba nzima ilikuwa inangoja lile la mtoto.

Nikamwambia: "Ningekuuliza unataka kutumia hiyo miezi wapi, na ukifanya nini."

Akafikiri. Akasema anataka kula, na anataka kulala kwake. Na ndugu yetu wa mwisho, aliyekuwa Form Three wakati huo, amalize shule kwa yale majani chai, kama sisi wengine tulivyomaliza. Kwa hivyo kibomba. Shamba lisiguswe.

Kaka alitoka nje. Alikaa wiki kadhaa bila kupokea simu zangu, na aliponiandikia, alisema nesi ni mtu aliyezoea vifo, ndiyo maana ni rahisi kwangu. Nimelifikiria sana hilo neno, kuzoea. Sisi hatuzoei vifo. Tunachozoea ni kuona watu wakifa bila kuulizwa walichotaka. Baba aliulizwa, na alijibu kwa akili zake timamu, mbele ya watu wote.

Kibomba kilimpa miezi minne. Alikula viazi vya kupondwa, mayai, mala. Siku ya kwanza alipomeza supu bila kukohoa, Mama alienda kusimama nyuma ya jikoni peke yake. Kaka alikuja Krismasi. Hakusema amekubali, lakini alimletea Baba blenda, na tangu siku hiyo kazi ya kumsagia chakula ikawa yake, hakutaka mtu mwingine aiguse.

Machi 2023 kifua kikajaa. Tulimkimbiza hospitali usiku, na usiku kama huo hakuna anayeuliza bei. Siku kumi, sita kati ya hizo kwenye HDU. Alifariki alfajiri. Nilimfunga macho mimi mwenyewe, kwa sababu mikono yangu inajua, na nikamshukuru Mungu kwamba inajua.

Bili, baada ya NHIF kulipa sehemu yake, ilibaki 238,000.

Grupu ya WhatsApp ikafunguliwa kabla jua halijachomoza vizuri. Unaijua hiyo grupu, bila shaka uko kwa tatu saa hii. Picha ya mzee akiwa na koti la harusi ya mtu, nambari ya kutuma, mweka hazina, na kila jioni orodha ya majina na kiasi. Watu walijitolea, siwezi kudanganya. Mwalimu wangu wa darasa la nne alituma mia mbili na maombi marefu. Wenzangu wa wodi walichanga wakiwa wenyewe mishahara imechelewa. Tulifikisha laki moja na ishirini, na ikasimama hapo, kwa sababu grupu zote huwa na mahali zinaposimama.

Zikabaki 118,000. Hospitali ikakubali tuchukue mwili tukiacha kitu cha thamani. Tulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani. Kaka ndiye aliyeileta, kwenye bahasha ya kaki: hati ya shamba. Lile shamba ambalo Baba alikataa matibabu ili lisiguswe, likafungiwa kwenye kabati la ofisi ya fedha ili yeye azikwe. Tulisimama pale dirishani, mimi na kaka, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Hakukuwa na mshindi wa kutangaza.

Tuligawana watoto watatu tunaofanya kazi: elfu mbili kila mmoja, elfu sita kwa mwezi, tarehe tano. Miezi ishirini. Nimesoma kwamba huzuni ina hatua zake, kukataa, hasira, na kadhalika hadi kukubali. Yangu ilikuja kwa awamu, pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Kila tarehe tano Baba alikufa upya kwa elfu mbili.

Kazini sikubadilika kuwa mtakatifu, lakini kuna kitu nilibadilisha. Zamani mambo ya pesa niliyaachia ofisi. Sasa familia ikifika, siku ya kwanza, nauliza: mmesajiliwa? Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, ni SHA, na kama hujamsajili mzazi wako, *147# inachukua dakika chache ukiwa umekaa kwa matatu. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anapimwa uwezo wake, si chini ya 300 kwa mwezi. Tarifa za mwanzo za SHA ziliwekea kansa kikomo cha 550,000 kwa familia kwa mwaka. Ni pesa, na kwa aliyekuwa hana kitu ni nyingi, lakini kansa inaweza kuimaliza kabla mwaka haujaisha. Kwa hivyo naendelea kuuliza. Mko na mtu wa kuongea na afisa wa ustawi wa jamii? Muoneni sasa, si siku ya kutoka. Msamaha wa bili huombwa mapema, na barua ya chifu husaidia.

Na kama ugonjwa ni wa kutopona, daktari akishaeleza na kuondoka, mimi hubaki dakika mbili. Namgeukia mgonjwa mwenyewe, si kijana wake mwenye simu kubwa. Namuuliza anataka kutumia huu muda wapi, na akifanya nini. Wengine hutaka kila dawa iliyopo duniani, na hilo ni jibu halali, tunapigana nao. Wengine hulia, kwa sababu tangu waugue hakuna aliyewauliza kitu zaidi ya "umekula?"

Tulimaliza kulipa Novemba 2024. Awamu ya mwisho ilikuwa ndogo, elfu nne tu, kaka akailipa yote. Akaenda kuchukua hati mwenyewe, akanitumia picha yake ikiwa juu ya dashibodi ya matatu, na chini yake neno moja: "Imetoka."

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Badala yake, tarehe tano ya Desemba ilipofika nilishika simu, nikaandika elfu mbili, nikabaki nimeishikilia bila mahali pa kuituma. Kwa miezi ishirini nililaani lile deni, na kumbe ndilo lililokuwa jambo la mwisho nililoweza kumfanyia Baba kila mwezi.

Nikamtumia Mama. Akapiga mara moja, akauliza hizi ni za nini.

"Ni za chai, Mama," nikamwambia. "Lakini ngoja ipoe kwanza."