Aliyeshika Mfereji

Nilizaliwa Majengo, Mombasa, katika nyumba iliyokuwa yetu juu ya ardhi isiyokuwa yetu. Mtu wa bara akisikia hivyo hushangaa, lakini pwani ni jambo la kawaida: tangu zamani nyumba huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Babu alijenga, na ukoo ukaendelea kulipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi hakujishughulisha na yaliyopita ndani ya kuta zetu, ila alikuwa na sharti moja zito. Hakuruhusu mawe. Udongo, boriti, makuti na baadaye mabati, hayo sawa. Nyumba ya mawe haiondoki kwa urahisi, naye alitaka siku akiihitaji ardhi yake aipate. Baba alikuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe, na alikufa bila kujenga.

Kwa hivyo niliponunua fleti ng'ambo ya daraja la Nyali, miaka michache kabla ya katiba mpya ya 2010, furaha ile ilikuwa ya watu watatu: babu, baba na mimi. Mwanasheria alinifafanulia mpango ulivyo. Fleti nilipewa kwa mkataba wa ukodishaji wa miaka mingi. Hati ya kiwanja kizima, ambayo sote tuliiita hati mama, ingebaki kwa mjenzi mpaka auze fleti ya mwisho. Hapo angeikabidhi kwa kampuni ambayo kila mwenye fleti ana hisa moja. Kenya ilikuwa na sheria ya kumilikisha fleti moja moja tangu 1987, lakini wajenzi wengi waliiacha kando wakapendelea njia hii ya kampuni. Ndivyo fleti nyingi nchini zilivyouzwa, na mnunuzi hakuwa na njia nyingine.

Miaka ya mwanzo hatukuona ubaya wowote. Kilichotuunganisha kilikuwa maji. Bomba linaloleta Mombasa maji ya chemchemi za Mzima, kutoka Tsavo, lilijengwa miaka ya 1950, na mji wa leo si mji ule. Mifereji ya serikali hukauka kwa siku, wakati mwingine kwa wiki. Ukiwa na nyumba ya chini utanunua mitungi kwa wenye mikokoteni; ukiwa ghorofa ya tatu unahitaji kisima, pampu, tangi la juu na lori la maji matamu, kwa kuwa maji ya kisima yana chumvi. Mambo hayo hayafanywi na mtu mmoja. Ikaundwa kamati: mwenyekiti, mweka hazina na mjumbe mmoja.

Mweka hazina alikuwa mstaafu wa bandari, mzee wa mwandiko mzuri. Mwisho wa kila mwezi alikaa chini ya ngazi na daftari lake, akatusomea: mshahara wa bawabu, dizeli ya jenereta, lori la maji, fundi wa pampu, kilichobaki. Anayetaka kuuliza aliuliza, hata watoto walimsikiliza. Asiyelipa alitajiwa kwa upole, faraghani, na mara nyingi ilionekana ana mgonjwa au amesimamishwa kazi, tukamsubiri. Kukiwa na arusi au matanga turubai lilifungwa uani, na wenye magari waliyatoa barabarani bila kuambiwa.

Mzee alipougua akarudi kwao Lamu, daftari halikupata mrithi. Mwenyekiti mpya alikuwa mtu wa biashara, mchangamfu, mwenye haraka ya maendeleo, na haki yake nimpe: aliweka geti la chuma, akapaka rangi jengo lote, akafunga taa za uani. Tulimshukuru. Ada ya huduma ikapanda, tukalipa. Kisha akaajiri wakala wa kusimamia majengo, na hesabu zilizokuwa zikisomwa kwa sauti zikawa karatasi moja kwa mwaka, yenye mstari mmoja mnene ulioandikwa "matengenezo". Aliyeuliza ndani ya mstari ule mna nini aliambiwa aandike barua. Barua hazikujibiwa. Tangu hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sisemi hivyo kwa sababu ya tabia ya mtu mmoja. Mtu yeyote anayeshika fedha za majirani bila kuwasomea hesabu mwishowe huziona ni zake.

Kanuni zikaja moja baada ya nyingine, zimebandikwa getini na kutumwa kwenye simu zetu. Marufuku kuanika nguo kwenye roshani. Marufuku turubai uani, iwe arusi au msiba. Mgeni asipite saa nne usiku. Marufuku biashara ndani ya fleti. Kila kosa lina faini, na faini isiyolipwa inazaa faini. Hakuna mkutano uliopitisha hata moja.

Ghorofa ya kwanza aliishi mama mmoja mjane ambaye alisomesha wanawe kwa mahamri na viazi karai. Alipika alfajiri, na kabla ya saa moja vijana walikuwa wamekwisha kuvichukua kupeleka madukani. Akatozwa faini. Akakataa kuilipa, akasema ada yake analipa kila mwezi na yeye si mdeni wa mtu. Hapa ndipo nilipoelewa ujanja wenyewe, na ningependa kila mwenye fleti auelewe. Fedha alizotuma kama ada, wakala alizikata kwanza kwenye faini. Kwa hivyo kila mwezi ada yake ikaonekana imepungua, na mama aliyelipa kwa uaminifu akageuzwa kwenye karatasi kuwa mdaiwa sugu. Jina lake likabandikwa getini. Kisha, Ramadhani imekaribia, wakamfungia maji.

Sisi majirani tulimpelekea maji kwa mpira kutoka ghorofa ya pili, nasi tukaandikiwa barua za onyo. Nilikwenda ofisini kwa mwenyekiti pamoja na jirani mwingine. "Mwenyekiti," jirani yangu akamwambia, "huyu ni mamako." Akajibu kwamba kanuni haina mama.

Tulidai mkutano, tukaupata baada ya kusukumana sana, na tukashindwa. Mjenzi alikuwa bado ana fleti ambazo hajaziuza, hivyo bado ana kura, na bado ana hati mama. Isitoshe, wenye fleti kadhaa wanaishi Dubai, Muscat na London. Walikuwa wametia sahihi barua za uwakilishi zisizo na tarehe wala mwisho, wakimwachia mwenyekiti awapigie kura. Tuliokuwa ukumbini tulikuwa wengi kwa vichwa na wachache kwa kura. Yule mama alilipa faini ili apate maji ya kufuturu.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Mwishoni mwa Desemba 2020 ilianza kutumika Sheria mpya ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ikaifuta ile ya 1987. Binti wa jirani, wakili kijana, alitusomea kifungu kwa kifungu palepale chini ya ngazi. Wenye mikataba kama yetu walitakiwa kuibadilisha, kila mmoja apate hati ya fleti yake pamoja na fungu lake katika ua, ngazi, kisima na ardhi. Kampuni ya mjenzi inatoka. Linaingia shirika la wenye fleti wenyewe, ambalo wanachama wake ni wamiliki na si mtu mwingine. Mjenzi akikataa kutoa hati mama, msajili wa ardhi anaweza kuizuia isifanyiwe shughuli nyingine. Kuna kamati ya kusuluhisha migogoro, na asiyeridhika ana mahakama ya ardhi. Aliyekosa kulipa ada anadaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 43 cha katiba kimeyataja maji safi kuwa haki ya kila mtu, na haki haifungwi na bawabu aliyetumwa na bisibisi.

Dada yangu, anayeishi Nairobi katika mtaa wa nyumba za peke yake, aliniuliza kama mambo haya yanamhusu. Kwake ni tofauti. Chama cha wakazi kilichoundwa kwa hiari hakiwezi kumlazimisha mtu kujiunga. Kifungu cha 36 cha katiba kimesema hivyo waziwazi. Kwetu wenye kuta na paa la pamoja, uanachama unakuja na fleti, na ndiyo maana uongozi wake unahitaji kuangaliwa zaidi.

Kubadilisha hati kulichukua muda mrefu na fedha za mpima ardhi. Kazi iliyotangulia haikugharimu chochote ila saa za simu: tuliwatafuta wale wa ng'ambo mmoja mmoja, tukawaeleza yaliyompata mama wa mahamri. Wengi hawakujua. Mmoja aliyeko Muscat alilia kwenye simu, kwani mama huyo alimlea. Wakaondoa barua zao, nasi tukapata kura za kubadilisha kamati. Kamati mpya ilipofungua makabrasha ya wakala ilikuta risiti za malori ya maji kwa miezi ambayo mfereji wa mji ulikuwa ukitoka vizuri. Fedha zile hazijarudi mpaka leo.

Sasa hesabu zinabandikwa kila mwezi pamoja na risiti, na kanuni haipiti bila kura. Bado kuna wasiolipa, na kuwadai ni kazi ngumu inayochosha kila anayeishika, hilo sitalificha. Lakini hakuna anayefungiwa maji.

Wewe unayetaka kununua fleti mwaka huu, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, uliza kama utapata hati ya fleti yenyewe au mkataba wa kukodi tu, na kama ni mkataba, uliza hati mama iko kwa nani. Omba hesabu za miaka miwili iliyopita. Wakisita kukuonyesha, ondoka. Na wewe uliye mbali, kwenye kazi za watu, usimpe mtu barua ya uwakilishi isiyo na mwisho. Kura yako inaweza kutumika kumnyima jirani yako maji.