Mgeni wa Tunduma na siku zake tatu za kwanza



Leo tuzungumze habari ya mgeni. Si mgeni wa harusi aliyeletewa kadi, wala mgeni rasmi anayewekewa maji ya chupa mezani. Nazungumzia yule anayeshuka kwenye basi usiku na begi mgongoni, hana anayemjua, na simu imebaki chaji asilimia nne. Huyo siku zake tatu za kwanza katika mji ndizo zinazoamua atakula au ataliwa.

Nayaandika haya baada ya kukaa Tunduma siku tisa. Nilialikwa kufundisha. Mimi mtu wa pwani, nilikwenda mwezi wa saba, na baridi ya kule haina utani. Nilifikia kwa mwadhini wa msikiti, mzee wa Kinyamwanga ambaye nusu ya ukoo wake wako Tanzania na nusu wako Zambia, kwa sababu mpaka uliwakuta pale pale walipokuwa wamekaa.

Kwa asiyeijua, Tunduma iko mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapo, na reli ya TAZARA pia, ile ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Malori ya kwenda na kutoka kwenye shaba ya Zambia na Kongo yanapanga foleni mchana na usiku. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, lakini foleni ni foleni. Ukisimama dakika tano unasikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kinyakyusa, Kibemba, Kiswahili cha Kongo na Kiswahili chetu. Mama ntilie mmoja alinirudishia chenji nusu shilingi nusu kwacha, wala hakuinua macho.

Kuna jambo linalomchanganya kila mgeni wa pale, na wenyeji wamelizoea hata hawalitaji. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa moja asubuhi, Nakonde ni saa kumi na mbili. Jua ni lile lile. Sisi tunaoswali hatupati tabu, maana magharibi inaingia kwa jua kuzama, si kwa saa ya ukutani. Lakini simu haijui hilo. Umekaa Tunduma unakunywa chai, simu inanasa mnara wa ng'ambo, inajirudisha nyuma saa nzima yenyewe. Nilimkuta stendi mama mmoja na watoto wawili, safari yao Sumbawanga, basi limekwishaondoka, naye anamwonyesha kila mtu simu yake kwamba muda bado. Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Aliyemkatia tiketi alishapata chake.

Na hapo ndipo penye neno langu. Katika mji wa namna ile, wa kwanza kumpokea mgeni ni wale wanaokula kwake. Winga anamvuta begi, boda anamvuta mkono, wa gesti anamwita kaka, wa fedha anamfungulia bulungutu la noti mbele ya macho. Siwatukani. Wengi wao wanatafuta riziki ya halali na wana watoto nyumbani. Lakini anayepata asilimia kwenye safari yako hawezi kuwa ndiye mshauri wako wa safari hiyo.

Siku ya pili tukiwa tunatoka swala ya isha, nilimwona kijana kakaa barazani na begi lake. Ametoka Tanga, anakwenda Ndola kwa mjomba wake. Nikamwuliza umekula? Akasema nimekula, sheikh. Macho yakasema vingine. Ikabidi mzee mwadhini amkazanie ndipo akaeleza. Alibadilisha fedha barabarani. Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi vijana mnaotaka kuvuka. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake, elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Noti za zamani zilishakufa, hazinunui hata andazi. Kijana wetu alipewa noti za elfu hamsini hamsini za zamani. Akazihesabu mara mbili, akaona zimezidi alivyotarajia, akamshukuru yule mtu na kumwombea dua. Fedha zote za nauli zikawa makaratasi.

Nikauliza, atalala wapi? Msikiti ulikuwa unafungwa kwa kufuli. Mweka hazina wa msikiti, mtu mwema, akanieleza sababu. Mwaka uliotangulia walimlaza msafiri ndani, asubuhi wakakuta ampu na mikrofoni havipo. Akaniambia, "Sheikh, wewe Ijumaa ijayo unaondoka. Sisi tunabaki na mlango."

Ana haki. Sitaki kusikia mtu kwenye maoni anamwita bahili. Msikiti ni amana, na aliyeibiwa mara moja hufunga. Lakini nikamwuliza jambo moja: zaka mnayokusanya mnampa nani? Akasema mafukara, mayatima wa madrasa. Naam, ni vizuri. Lakini wanaostahiki zaka wametajwa makundi manane, na mmoja wao ni mwana wa njia, msafiri aliyekatikiwa, hata kama kwao ni mtu mwenye mashamba. Mji mzima unaishi kwa barabara, na mwana wa njia hana fungu! Mzee mwadhini akacheka, akasema sisi wana wa njia tunawauzia soksi.

Nikawahadithia habari ya Ibn Battuta, na nyinyi nawahadithia. Alitoka Tangier mwaka 1325, kijana mdogo, peke yake. Msafara ulipofika Tunis watu wakatoka kuwalaki wageni wao, huyu anamsalimu huyu, yule anamkumbatia yule. Yeye hakusalimiwa na mtu, maana hakuna aliyemjua. Akalia. Mtu mmoja katika mahujaji akamwona, akamsogelea, akamsalimu na kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Huyo alikuja kufika Kilwa yetu mwaka 1331, na baadaye Sumatra na Uchina. Katika safari yote ile ya miaka karibu thelathini, hakumsahau aliyemsalimu Tunis.

Na alipopita Mogadishu kabla ya Kilwa, alikuta desturi ya ajabu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji wanakwenda na mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula, anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu mgeni wangu. Tangu hapo mgeni anakaa kwake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia mwenyeji hayupo, biashara ile haihesabiki. Bila shaka mwenyeji naye alipata faida yake, hawakuwa malaika. Tofauti ni kwamba mgeni alikuwa na jina la mtu nyuma yake, na soko zima linalijua jina hilo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini siku hizo mbili zina mwenyewe. Hata fiqhi inamhesabia mgeni siku zake: kwa madhehebu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, anaacha kupunguza swala kwa kuwa amekuwa mkazi. Kabla ya hapo bado yuko njiani, na mambo yake ni mepesi kuharibika.

Kijana alilala chumba cha madrasa. Asubuhi mzee alimpeleka mwenyewe mpaka Nakonde, kwa mpwa wake mwenye duka, akapandishwa basi kwa fedha iliyochangwa baada ya alfajiri. Kesho yake mweka hazina akanunua daftari: jina, utokako, uendako, namba ya ndugu mmoja, na ndugu huyo apigiwe kabla mlango haujafunguliwa. Ukumbi wa swala ukabaki na kufuli, chumba cha madrasa kikawekwa mikeka na mablanketi manne.

Wiki iliyopita nilimpigia kumwuliza hali. Akasema wamelala wageni kumi na mmoja mpaka sasa, mmoja wao dereva wa lori Mkongo aliyewafundisha kupika samaki wakavu. Na blanketi moja limeondoka na mtu wa Mpika. Ameshaandikwa kwenye daftari, na mama yake amepigiwa simu.