Malkia Aliyeguswa



Jumapili iliyopita, kisha misa, tulikwenda kumsindikiza mwenzetu kwenye mashindano ya sataranji ya mtaa, hapa Bukavu. Mnamjua: anauza sambaza kwenye soko la Kadutu. Mchezo huu tulijifunza pamoja kwenye chama, vipande vingine vikiwa vifuniko vya chupa. Malkia tulimpenda tangu siku ya kwanza. Mfalme anatembea nyumba moja moja kama mzee mwenye magoti mabaya, lakini malkia anakwenda kila upande, mbali apendavyo.

Mpinzani alikuwa kijana, fundi wa pikipiki. Hakuna bingwa kati yao. Baada ya saa moja mwenzetu alikuwa mbele kwa farasi mmoja, na sisi tulishaanza kuhesabu zawadi, maana binti yake wa sekondari bado ana deni la minervali.

Kijana akageuka kumjibu mtu nyuma yake. Mwenzetu akamshika malkia, akamwinua kidogo, akamrudisha haraka. Alikuwa ameona: malkia ndiye anayelinda mnara, akiondoka, mnara unaliwa. Kanuni inasema kipande ulichogusa ndicho utacheza, isipokuwa umetangulia kusema "j'adoube", yaani ninakipanga tu. (Neno hilo la Kifaransa, hata Mrusi analisema.) Yeye hakusema kitu. Mwamuzi alikuwa kwenye meza ingine.

Akatuangalia. Sisi tukaangalia chini. Na kati yetu tulikuwa walimu watatu, tunaowaadhibu watoto wakichungulia daftari la jirani.

Saa ya mchezo ilikuwa inatembea. Aliacha dakika nyingi zipite, kisha akamchukua malkia yule yule, akamsogeza. Mnara ukaliwa. Hata zamu kumi na tano hazikupita, mfalme wake akafungwa. Akampa kijana mkono. Kijana alifurahi sana, hakujua kitu.

Njiani hatukuongea mengi.

Jumatatu, msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa amekaa karibu na meza ile, akatuuliza: "Mwalimu, na nyinyi mliona?" Tulimjibu ndiyo. Akatuangalia kidogo, akarudi kukaa.

Chama kimekubali kusaidia nusu ya minervali. Nusu ingine mwenzetu anaitafuta kwa sambaza zake. Jumatano jioni tunacheza tena, na ni yeye atakayetufundisha.