Sauti Tuliyopanda Nayo Mlola

Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha akina mama hapa Tanga alialikwa kwenye harusi huko Mlola, wilaya ya Lushoto. Yeye ndiye mama mkubwa wa bibi harusi, lakini alitaka kubaki nyumbani. Sababu aliitaja kwa shida. Utumbo wake ulijisokota, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo ana stoma, yaani tundu tumboni ambalo choo hupitia na kuingia katika mfuko uliobandikwa. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia hewa. Hewa ikija hulia yenyewe, hata kanisani.

"Nitawaaibisha," alisema. Tukamjibu kwamba tutakwenda naye.

Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona nyingi hadi Soni penye maporomoko ya maji, kisha Lushoto. Mombo iko yapata mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto mita 1,400 hivi. Njiani mwenzetu alishika tumbo: mfuko ulikuwa umevimba kama puto! Haukuwa ugonjwa. Kadiri mtu anavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, na hewa iliyomo mfukoni hutanuka. Tulipofika stendi aliingia msalani, akaitoa, safari ikaendelea. Sasa anajua kuumwaga mfuko kabla ya kupanda.

Kuelekea Mlola tulipita mashamba ya kabichi, maharage na viazi yaliyopangwa kwenye miteremko. Kwa macho yetu ilikuwa neema. Kwa mwenzetu, vyakula vya kuleta gesi! Na kweli, jioni tuliandaliwa ugali, maharage na kabichi. Hakususa, wala hakulala na njaa, maana tumbo tupu nalo hunguruma. Alikula kidogo, akatafuna polepole, na soda akaiacha.

Baada ya chakula alimwita mdogo wake na bibi harusi chumbani. "Kesho mkisikia sauti, ni tumbo langu. Siwezi kulizuia, na siumwi." Binti akamkumbatia.

Kesho yake kanisani, katikati ya kimya cha sala, sauti ikatoka, tena ndefu. Mwenzetu aliweka kiganja juu ya nguo na kukandamiza taratibu, ikafifia. Mtoto mmoja akageuka. "Samahani, ni tumbo langu," akamnong'oneza, basi. Mdogo wake hakugeuka. Alimshika mkono tu. Sala ikaendelea, na binti akaolewa mama yake mkubwa akiwa ubavuni.

Tukiteremka kurudi Tanga, alitukumbusha siku zake wodini. Kila asubuhi daktari aliuliza kama hewa imetoka. Siku ilipolia mara ya kwanza wauguzi walifurahi, maana utumbo ulikuwa umeamka. "Sauti niliyoishukuru wodini," alisema, "mbona niionee haya kanisani?"

Mama msomaji, kama nawe unayo stoma, usijifungie ndani. Waeleze mapema wale utakaoketi nao. Nusu ya hofu itaondoka. Stoma inayolia inafanya kazi. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza, choo wala hewa havitoki, huku tumbo linauma na unatapika. Hapo usingoje, wahi hospitali.

Na sisi tusio nayo, tukisikia sauti karibu yetu, tusigeuke. Tuendelee na sala.